Kuisoma O2 Kuanzia Mwisho

Amplifaya ya hedifoni huuzwa kwa kutajiwa nguvu zake, na mnunuzi mwenye fedha za kuhesabu hujikuta akiuliza idadi ya wati kabla ya jambo jingine lolote. Kwa hedifoni zenye impidansi ndogo, zile za omu 16, 32 au 38, swali hilo limebisha hodi mlango usio wake. Volti 1 tu ikifika kwenye hedifoni ya omu 32 huzalisha miliwati 31, na hedifoni nyingi za kundi hilo zitakuwa zimeshaumiza masikio kabla ya kufika hapo. Hazihitaji volti nyingi. Zinachodai ni mkondo. Volti hiyohiyo inayovuta miliampia 3 katika hedifoni ya omu 300 huvuta miliampia 31 katika hii ya omu 32. Pamoja na mkondo, zinadai unyamavu, kwa kuwa hedifoni inayoitikia umeme kidogo huitikia pia kelele za ndani za amplifaya yenyewe. Madai hayo mawili hayatoshelezwi kwa kuongeza ukubwa wa mashine. Hutoshelezwa kwa msuko: kipi kimetangulia kipi ndani ya sakiti, na kila kimoja kimekabidhiwa kazi gani.

Ndiyo maana amplifaya ya bei nafuu ninayoona inastahili kusomwa kwa subira ni O2, kwa jina kamili Objective2, iliyotolewa hadharani mwaka 2011 na mhandisi aliyejiita NwAvGuy, ambaye hakulifichua jina lake halisi na ambaye mwaka uliofuata alinyamaza moja kwa moja. Vipuri vyake viligharimu takriban dola 30 za Marekani. Mchoro wa sakiti ulitolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuiunda na kuiuza, lakini isiyoruhusu kusambaza toleo lililobadilishwa. Sharti hilo naliona kuwa sehemu ya fani yake. Bidhaa nyingi za bei ya chini hubadilishwa vipuri kimyakimya, hata mhakiki akawa anahakiki kitu ambacho msomaji wake hawezi tena kukinunua. Hapa tuna matini moja iliyonakiliwa na mikono mingi, na linalosemwa juu ya nakala moja iliyoundwa kwa uaminifu linasemwa juu ya zote.

Napendekeza tuanzie mwisho, kwenye tundu la kuchomekea hedifoni, na kurudi nyuma. Nyuma tu ya tundu hilo, kila upande wa stirio una chipu yake ya NJM4556A, ya kampuni ya Kijapani ya JRC. Chipu hii si ya kifahari. Ni ya zamani, ni rahisi, na jina lake halitajwi kwa heshima miongoni mwa wapenzi wa vifaa vya gharama. Ndani yake mna opampu mbili, na kila moja inaweza kutoa takriban miliampia 70, kiasi ambacho opampu nyingi zenye sifa kubwa hazikifikii. Mwandishi wa sakiti amezifunga hizo mbili sambamba ili zibebe mzigo mmoja, na hazikuzi chochote: zinapokea mawimbi, zinayatia mkondo, zinayapitisha kwa kimo kilekile.

Kati ya kila opampu na tundu kimewekwa kikinza cha omu 1. Tukitazame kwa makini, kwani ni kipuri cha senti chache chenye hoja nzima ndani yake. Opampu mbili hazilingani kamwe kwa ukamilifu. Moja ikitoa volteji iliyozidi ya mwenzake kwa chembe tu, mkondo ungevuka kutoka moja hadi nyingine badala ya kwenda kwenye hedifoni. Vikinza hivyo viwili vinazigawia kazi na kuzizuia zisipigane. Gharama yake inajulikana barabara: vikinza viwili vya omu 1 vilivyo sambamba ni sawa na kimoja cha nusu omu, na hiyo nusu omu ndiyo karibu yote ya impidansi-toleo ya O2. Usanii wa kihandisi umo katika kujua ni dosari ya ukubwa gani inayokubalika, na kuikubali kwa hesabu.

Kwa nini nusu omu ikubalike, na omu 100 isikubalike? Hedifoni nyingi za koili hazina impidansi moja. Iliyoandikwa 32 kwenye kasha huweza kupanda hadi 80 pale kiwambo chake kinapovuma chenyewe katika sauti za besi. Iunganishe na chanzo chenye impidansi-toleo ya omu 120, kiwango kilichopendekezwa na shirika la viwango la IEC mwaka 1996 na ambacho hakikuwa na huruma kwa hedifoni ndogo, na sauti za eneo hilo zitainuka kuliko nyingine kwa desibeli 5.6. Iunganishe na O2, na tofauti inabaki chini ya desibeli 0.1. Katika rekodi za Culture Musical Club ya Unguja, ambako besi kubwa ya kusimama hushikilia mwendo chini ya fidla, ganuni na akodiani, desibeli hizo tano si jambo la kinadharia. Mpigaji aliyeipiga kila noti kwa nguvu moja husikika kana kwamba amezipendelea baadhi. Noti zilizo karibu na mvumo wa kiwambo zinavimba, zinazofuata zinasinyaa, na msikilizaji anaisifu amplifaya kwa "besi nzito" huku urari wa mchezaji ukiwa umepotea. Hedifoni za planari, zenye impidansi inayokaribia kuwa bapa, haziathiriwi hivyo. Kwazo impidansi-toleo kubwa hupunguza tu sauti nzima.

Ubora wa mwisho huo unaonekana vizuri zaidi ukiisoma O2 kando ya CMoy, amplifaya ya mfukoni iliyobuniwa na Chu Moy katika miaka ya 1990 na ambayo wengi wameiunda ndani ya kikopo cha peremende. CMoy ninaiheshimu kwa uchache wake wa maneno. Hata hivyo, ina betri moja ya volti 9 iliyogawanywa katikati kwa vikinza viwili ili kupata kitovu cha sifuri cha kubuni, na opampu ileile inayokuza mawimbi ndiyo inayotakiwa kuisukuma hedifoni. Kwa hedifoni ya omu 300 mpango huo unatosha. Kwa ya omu 32, mkondo unaorudi kutoka hedifoni lazima upite katika kitovu hicho dhaifu, na kitovu kinayumba kwa kufuata muziki. O2 ina betri mbili, chanya na hasi, hivyo sifuri yake ni sifuri ya kweli.

Tukirudi nyuma hatua moja zaidi tunafika penye uamuzi ninaouona kuwa kiini cha kazi yote. Katika amplifaya nyingi potenshiometa ya sauti hukaa mlangoni, kisha ukuzaji hufuata. Hapo kelele zinazozaliwa na opampu ya ukuzaji hazipunguzwi na kitu; unaweza kushusha sauti hadi mwisho na bado ukasikia ile "shhh" nyembamba, kama mvua iliyo mbali. NwAvGuy amegeuza mpangilio: opampu ya NJM2068 inakuza kwanza, potenshiometa inafuata, kisha zile chipu za mkondo. Unaposhusha sauti, unashusha muziki pamoja na kelele za ukuzaji kwa kiasi kilekile, na kwa hedifoni ya masikioni iliyo nyepesi kuitikia, ambayo daima husikilizwa kwa sauti iliyoshushwa, ukimya kati ya noti unabaki ukimya.

Ubadilishaji huo una bei. Kwa kuwa ukuzaji umetangulia, potenshiometa haiwezi kuuokoa ukizidiwa. Chanzo kinachotoa volti 2 kikikutana na ukuzaji wa mara 6.5, ambao ni mmoja wa viwango viwili vya kawaida vya O2, sakiti inatakiwa itoe volti 13, zaidi ya inavyomudu kwa umeme wake wa volti 12 chanya na 12 hasi, na vilele vya mawimbi vinakatwa hata kama kitufe cha sauti kiko chini kabisa. Kwa ukuzaji wa mara 2.5 zinakuwa volti 5, na hakuna kinachokatwa ikiwa imechomekwa kwenye umeme wa ukutani. Fani hii inamtaka mtumiaji ajue chanzo chake, na sioni kuwa hilo ni kuomba kupita kiasi.

Kuhusu ulinzi nitasema kwa ufupi. Betri mbili haziishi kwa pamoja. Moja ikifa kwanza, mkondo wa moja kwa moja unaweza kumwagika kwenye koili nyembamba ya hedifoni. O2 ina sehemu inayopima umeme wake na kuzikata pande zote mbili kwa wakati mmoja unaposhuka mno. Haisikiki, nayo ni sehemu ambayo mtengenezaji wa bei rahisi angeifuta kwanza.

Kasoro zipo. Plagi ya umeme, tundu la kuingizia na la kutolea vyote vimejazana kwenye uso mmoja wa mbele, na waya zinakaa njiani. Kuna pia tabia ya wanunuzi kuchomoa NJM4556A na kuweka opampu ya jina kubwa zaidi, jambo ninalolipinga bila kusita: wanaondoa miliampia, kitu pekee ambacho hedifoni yao ya omu 32 iliomba, ili kupata sifa ambayo haikuomba. Mabadiliko yenye maana yako kwingine. Ukuzaji wa mara 2.5 bado ni mkubwa kwa hedifoni nyepesi ya masikioni, kiasi kwamba msikilizaji hulazimika kukaa mwanzoni kabisa mwa mzunguko wa potenshiometa, pale ambapo pande za kushoto na kulia hazijalingana sawasawa na mwimbaji husogea kando ya katikati. Vikinza vinavyoamua ukuzaji vinaweza kuachwa nje ya bodi, ukuzaji ukawa wa mara 1, na kitufe kikafanya kazi katika eneo lake lililo sawa. Anayenunua O2 iliyokwisha kuundwa kwa ajili ya hedifoni za aina hiyo amwagize muuzaji ukuzaji huo kabla ya kulipa.