Simama Hapo, Shemeji

Katika kopo la biskuti juu ya kabati langu kuna safari kumi na moja. Zimekatwa vipande vya picha sita sita, zimevalishwa karatasi laini, na kila kipande kimeandikwa kwa penseli: Ruaha Mbuyuni, Agosti, Matamba, Januari, Natron, Julai. Humo nimetia vijifuko vya kunyonya unyevu, kwa sababu hewa ya bahari ya hapa Dar es Salaam haina huruma. Lenzi uliyoisahau kwenye begi masika mazima utaikuta imeota kuvu kama mkate. Jumapili iliyopita nililifungua kopo hilo asubuhi nikitafuta picha moja tu ya mibuyu. Nilipoinua kichwa, adhana ya magharibi ilikuwa inalia.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Gari likiacha kwenda, limesimama. Mtu akiinuka akakaa wima kwa miguu yake, naye amesimama. Ufundi wa kupiga picha za mandhari, nijuavyo mimi, umo wote ndani ya neno hilo: kwanza uisimamishe safari, kisha ujue pa kusimama. Lenzi na bei yake vinakuja nyuma sana.

Dereva wa safari zote kumi na moja alikuwa shemeji yangu, mume wa dada, mwenye biashara ya vipuri Iringa na Mbeya. Mimi nilikaa mbele, kamera magotini. Nikisema, "Shemeji, simama hapo," hakuuliza sababu. Alichotaka kujua ni kama azime injini au aiache iungurume. Nikisema zima, alitoa chupa ya chai, maana alijua kuwa tunangoja mwanga. Kuzima injini kulikuwa na faida nyingine. Mara nyingi niliegemeza kamera juu ya boneti, na injini inayonguruma huitia picha tetemeko ambalo jicho halilioni mpaka siku ya kusafishwa.

Mikumi tulipita tu. Barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, mwendo ni wa polepole kwa sheria, na pale mwenye haki ya kusimama barabarani ni nyati. Furaha yangu ilianza mbele zaidi, barabara inapoingia bonde la Ruaha Mkuu, milima ikasogeleana, mibuyu ikaanza kujitokeza, kwanza mmoja mmoja, kisha mlima mzima. Mwezi wa Agosti mbuyu hauna jani. Saa saba mchana, jua la utosi linaufanya uwe rangi ya jivu, bapa, na kivuli chake kimejikunja chini ya shina. Mtu akipita saa hiyo ataapa kuwa mti huo hauna sura.

Ngoja mpaka saa kumi na moja. Jua likishuka upande mmoja, gome linaanza kusema. Utaona mikunjo kama ya goti la tembo, na utaona makovu mapana pale watu walipochuna nyuzi za kusokotea kamba, maana mbuyu ukichunwa huota gome jipya juu ya jeraha, wakati miti mingi hufa. Rangi inatoka kwenye jivu, inapita kwenye udongo wa chungu, inafika kwenye shaba. Hapo mpiga picha ana muda mfupi. Jua la kwetu karibu na ikweta halitui kwa mshazari mrefu kama la Ulaya, huzama karibu wima, na katika bonde lile mlima hulificha mapema zaidi.

Kamera yangu ya wakati ule ilikuwa Pentax K1000, chuma kitupu, ambayo betri yake huendesha kipima mwanga peke yake. Betri ikifa, kamera haifi. Mkononi unabaki na kanuni ya wazee wa kazi: penye jua kali, weka tundu la lenzi kwenye 16, na kasi iwe ile inayokaribia namba ya filamu. Filamu ya 100, kasi ya 1/125. Jua likipungua, fungua tundu hatua moja, kisha nyingine. Nilijifunza kuusoma mwanga kwenye kiganja changu kama mpishi anavyoonja chumvi, na mpaka leo siachi kuutazama mkono wangu jioni inapoingia.

Kipande nilichokuwa nikikitafuta Jumapili kina picha sita za mbuyu mmoja. Nilikiweka juu ya kioo chenye taa nikakitazama kwa lenzi ya kukuzia. Katika picha ya kwanza mbuyu umekaa katikati kabisa, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Katika ya pili nimehamia kushoto, na kilima kimeachana na tawi lililokuwa limekigusa. Ya tatu nimerudi nyuma. Ya nne nimepiga magoti, nyasi kavu zimeingia mbele, na ghafla picha imepata mlango: jicho linaingilia kwenye nyasi, linatembea hadi kwenye shina, linapanda. Ya tano ni ileile, mwanga umeongezeka wekundu. Ya sita, kivuli cha mlima tayari kiko kwenye mizizi.

Nilizisahau nyayo hizo, na filamu ilizitunza. Leo ninatumia kamera ya dijitali na ninaishukuru, lakini ninajua ninavyofanya jioni kitandani hotelini: ninafuta. Ninabakiza ile ya tano. Zile nne za kutafuta, ambazo ndizo kazi yenyewe, zinapotea.

Kitulo ilinifundisha namna nyingine ya kusimama. Kutoka Chimala unapanda kwenda Matamba kwa kona ambazo wenyeji wamezihesabu na kuzipa jina la hesabu yao, Hamsini na Saba. Juu ni nyanda za nyasi, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, ambazo watu wa huko huziita Bustani ya Mungu. Nilikwenda Januari, mvua zikiwa zimechanganya, nikiwa na picha tayari kichwani: bonde pana, mawingu chini yangu, jua likichomoza. Tulifika gizani. Kukapambazuka, na ukungu ukawa mzito kiasi kwamba sikuliona gari nikiwa hatua ishirini kutoka lilipo. Nilingoja saa tatu. Bonde halikufunguka.

Katika saa ya pili niliangalia chini kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuangalia. Palikuwa na okidi kando ya kiatu changu, urefu wa kiganja, maua yake madogo yamepangana kwenye ubua mmoja, na kila ua limebeba tone la maji. Ukungu ulikuwa umeutandaza mwanga ukawa laini, hauna kivuli, na rangi zimeiva namna ambayo jua lisingeruhusu. Nililala kifudifudi kwenye nyasi. Picha ile nimeichapisha kubwa kuliko zote, na mgeni akija nyumbani ninamweleza kuwa viazi vya okidi kama hizo huchimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia. Biashara hiyo ilikuwa inazimaliza, na ni moja ya sababu zilizofanya nyanda zile ziwe hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Kuna picha ya Mmarekani Ansel Adams ambayo kila anayependa kazi hii anaijua, ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Mwaka 1941 alikuwa akirudi kwa gari jioni, hakupata picha ya maana siku nzima, akaona misalaba ya makaburi inang'aa kwa jua la mwisho, na juu yake mwezi. Akasimamisha gari. Kipima mwanga hakikuonekana, akakokotoa kwa mwanga wa mwezi aliokuwa akiujua kwa moyo, akapiga mara moja. Alipogeuza ili apige ya pili, jua lilikwisha kuondoka kwenye misalaba. Watu husifu hesabu yake, na inastahili. Mimi ninakisifu zaidi kile alichofanya mguu wake kwenye breki.

Picha nyingine zimebadilika zikiwa ndani ya kopo. Ol Doinyo Lengai, kutoka upande wa Natron, umetoka na kilele cheupe, na wanaoiona hudhani ni theluji. Ni lava, ya aina ambayo volkano hai nyingine duniani haitoi, hutoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikikutana na unyevu. Theluji ya kweli iko kwenye kipande kingine, Kibo nilichokipiga kando ya barabara ya Moshi bila kukifikiria sana, kwa sababu tulisimama kununua ndizi. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo juu kule mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Natamani siku ile ningeshusha stendi na kupiga kwa makini, ukingo hadi ukingo.

Jumatatu nilichapisha ile ya tano ya mbuyu nikampelekea shemeji. Magoti yamemshinda sasa, haendeshi tena. Aliiweka mezani, akaitazama kidogo tu, kisha akaweka kidole kwenye kitambaa cha meza, shibiri moja nje ya ukingo wa picha.

"Gari lilikuwa hapa," akasema. Kidole kikasogea. "Na hapa alikuwa yule mama wa vitunguu. Ulimwomba apishe kidogo."

Sikukumbuka mama yeyote. Nilivuta picha karibu na dirisha. Chini kabisa, pembeni kushoto, juu ya mchanga mwekundu, kuna kivuli kirefu cha ndoo na mshikio wake, ambacho miaka yote hiyo nilikichukua kuwa ni cha jiwe.

"Tulinunua ndoo nzima," shemeji akasema, akimimina chai. "Dada yako alifurahi sana."