Heko, mafundi wa Mikindani

Kompyuta ikizimazima ovyo, wengi huihukumu kuwa imekufa. Fundi stadi wa Mikindani hana haraka hiyo. Hufungua kasha, hupuliza vumbi, kisha hukitikisa kipozajoto kwa kidole. Kikicheza, ameshajua: mguu mmoja haukushika, prosesa inakaribia nyuzi 100 na kujizima isiungue. Hukibandua, hufuta pesti ya kupitishia joto iliyokauka kwa spiriti, huweka mpya kiasi cha punje ya mchele, halafu hukaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, kipozajoto kilale sawasawa. Waya wa feni hasahau kuurudisha. Kwa joto la kaskazi hapa Mombasa, huo ni ustadi wa kuheshimiwa, na uaminifu pia: angeweza kukuuzia prosesa mpya, nawe usingejua. Hongereni sana, mafundi wetu.