Pweza Asiyepigwa

Mgahawa wenyewe uko mchangani hasa, katika pwani ya mashariki ya Unguja, hatua chache tu kutoka pale bahari inapofika maji yakijaa. Paa ni la makuti yaliyosukwa vizuri, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe, na upepo wa kusi ni wa bure. Nilimpeleka mama yangu hapo siku moja ya bamvua. Mwamba tulioutazama kutoka mezani ndio huo huo alioutembea miaka mingi, fimbo mkononi, akitafuta pweza katika matundu wakati maji yamekupwa.

Nianze na sifa, maana kulaumu bila kusifu ni choyo. Changu wa kuchoma alikuwa wa siku ile ile. Nyama yake ilibanduka mfupani bila kulazimishwa, na mpishi hakumzika kwa viungo. Kijana aliyetuhudumia alimwamkia mama shikamoo kabla ya kutoa orodha ya vyakula. Adabu hiyo nayo ni sehemu ya chakula.

Kisha akaja pweza. Sahani ilipendeza macho: mkono mmoja uliochomwa, limau pembeni, chipsi kandoni. Mama alitafuna, akatafuna tena, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, huyu hakupigwa."

Asiyekulia pwani huenda asielewe uzito wa hukumu hiyo. Pweza hupigwa juu ya jiwe mpaka alegee, halafu huchemshwa taratibu katika maji yake mwenyewe, ndipo hutiwa tui, kitunguu thomu na ndimu. Mwenye haraka hamuwezi.

Je, kosa ni la mpishi peke yake? Sidhani. Niliisoma orodha yote, na pweza wa nazi hakuwamo. Nilipouliza, kijana akajibu kwamba wageni hawamwulizi. Lakini mtu ataulizaje asichokijua? Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anayeficha chungu chake hamfai mgeni, wala yeye mwenyewe haponi. Mchana ule wanawake wanaojua kumlainisha pweza walipita mbele ya meza zetu wakitoka mwambani na vikapu vyao. Mtu wa mgahawa aliwaita, akawauliza bei, basi. Hakuna aliyewauliza namna ya kupika.

Hilo ndilo lililonikera kuliko ugumu wa nyama. Mama alikaa pwani kwao kama mgeni, akiletewa kitu alichokijua kuliko waliompikia, na akaona haya kusema kwa sauti.

Hata hivyo hakukubali kitu kitupwe. Aliomba afungiwe mabaki, na usiku akayachemsha upya kwa tui, tukala na wali mpaka sufuria ikabaki tupu.

Nitarudi pale kula changu. Pweza nitamla nyumbani.