Siri ya Anna Christie

Wachumba wanaokuja kufundishwa kabla ya ndoa hutuuliza mara nyingi swali moja, tena kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ni lazima nimwambie mwenzangu mambo yangu ya zamani?" Swali hilo si jepesi. Ndilo lililotufanya tuitazame tena sinema moja ya kale ya Marekani, iitwayo Anna Christie, iliyotolewa mwaka wa 1930.

Habari yake ilitoka katika mchezo wa jukwaani wa Eugene O'Neill, ulioonyeshwa New York mwaka wa 1921. Aliyeiongoza sinema ni Clarence Brown. Anna ni binti wa Chris, baharia Mswidi. Baba huyo alimwacha mtoto kwa jamaa zao shambani Minnesota, akakaa miaka kumi na mitano bila kumwona. Alidhani kwamba huko bara, mbali na bahari, mtoto atakuwa salama. Kumbe, mabaya yalimpata palepale shambani, mikononi mwa jamaa, na baadaye akaangukia katika nyumba ya malaya mjini. Sasa amechoka, tena ametoka ugonjwani. Anamjia baba yake, ambaye anakaa katika tishali la kubeba makaa ya mawe. Siku moja wanawaokoa mabaharia waliovunjikiwa na meli. Mmoja wao, Matt Burke, mtu wa Ireland na Mkatoliki, anampenda Anna na kutaka kumwoa. Wala baba wala mchumba hajui lolote.

Hii ndiyo sinema ya kwanza ambamo sauti ya Greta Garbo ilisikika, na kampuni ya MGM ilitangaza sana kwamba sasa Garbo anasema. Watazamaji walingoja karibu robo saa mpaka aingie katika baa na kufungua kinywa. Sauti yake ni nzito, yenye matamshi ya Kiswidi, nayo yamfaa binti wa baharia yule. Lakini sisi tunaona kwamba thamani ya sauti hiyo ni neno gumu inalolibeba. Habari hii ilikuwa imekwisha kufanywa sinema bubu mwaka wa 1923, na George F. Marion alicheza baba katika zote mbili. Katika sinema bubu maneno ya siri husomwa kwa maandishi na kupita. Hapa mwanamke hana budi kuyatamka mwenyewe, nasi tunamsikia.

Kabla ya hapo yuko Marthy, mlevi mzee anayechezwa vizuri mno na Marie Dressler. Yeye alimtambua Anna tangu siku ya kwanza kule baani. Anapokutana naye tena akiwa pamoja na Matt, angeweza kumharibu kwa neno moja tu. Ananyamaza. Mama huyu wa barabarani anafahamu jambo ambalo majirani wengi wa parokia hawalifahamu: siri ya mtu ni mali yake, si chakula cha midomo ya wengine.

Anna angeweza kuolewa kwa kudanganya, au kuondoka kimya. Lakini baba na Matt wanagombana juu yake kana kwamba ni mzigo wa kugawana, kila mmoja akiamuru. Hapo anawaambia kwamba yeye hamilikiwi na mtu, kisha anasema yote. Matt anamlaani na kukimbilia pombe.

Anaporudi, anamtaka Anna aape, juu ya msalaba aliopewa na mama yake, kwamba hakumpenda mwanaume mwingine. Anna anaapa. Kisha Matt anagundua kwamba yeye ni Mlutheri, na kiapo chake kinamtia mashaka. Watazamaji wengi hucheka hapo. Sisi hatukucheka sana. Tuliona mtu aliyetafuta dhamana imara, ikamponyoka mkononi, akabaki na neno la mwanamke peke yake. Akalipokea. Hapo ndipo kuaminiana kwao kunapoanza. Vya nyuma vyote vilikuwa mapenzi tu.

Lawama zetu ni mbili. Kwanza, picha hukaa mno mahali pamoja, ndani ya baa na chumba cha tishali, kama jukwaani. Sinema za sauti zilikuwa bado changa. Pili, na hili ni zito zaidi, baba anaomba msamaha kwa kumtupa mtoto, lakini Matt, ambaye naye amejua wanawake wa bandarini, anataka kiapo bila mtu kumwapisha yeye. Sinema inalijua jambo hili, kisha inalipita haraka ili ifikie furaha ya mwisho.

Basi twawajibu nini wachumba wetu? Dhambi iliyoungamwa kwa moyo wa toba imesamehewa na Mungu. Haifai kuifanya fimbo ya kumpigia mtu. Lakini msijenge nyumba juu ya uongo. Na wewe kijana unayedai kusikia yote, jiulize kwanza: nikisikia, nitabaki? Na yangu mimi, nimeyasema?