Sifa za Mchaguzi wa Modeli

Wapo mafundi ambao kazi yao haionekani hata ikikamilika. Anayejenga modeli ya kompyuta hutajwa katika majarida ya sayansi, na anayeitumia husifiwa kwa ramani aliyoichora. Katikati yao yuko mtu aliyewekewa mbele modeli kadhaa zilizofundishwa na wengine, akaamua ipi ipelekwe kazini mahali ambapo haijawahi kupaona. Huyo ndiye ninayemsifu hapa, na ufundi wake nitaupimia Shinyanga na Geita, kwa sababu nchi ile humuumbua upesi mchaguzi mvivu.

Chukua kazi ya kukadiria umaskini kwa picha za setilaiti. Mwaka 2016 Neal Jean na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha katika jarida la Science utafiti uliohusu Tanzania, Uganda, Rwanda, Malawi na Nigeria. Takwimu za kaya zilikuwa chache mno kufundishia modeli kuanzia sifuri. Basi wakaanza na modeli iliyokwisha kujifunza kwenye ImageNet, hazina ya picha za vitu vya kawaida: mbwa, magari, vikombe. Wakaifundisha tena itazame picha ya mchana na kukisia mahali pale pana mwanga kiasi gani usiku. Mwisho ndipo wakaiunganisha na takwimu za kaya. Mapaa, barabara na mashamba iliyojifunza kuyatambua yalitosha kueleza hadi asilimia 75 ya tofauti za kiuchumi baina ya eneo na eneo.

Ni kazi ya heshima. Sasa ipeleke Geita. Mgodi mkubwa wa dhahabu unawaka taa usiku kucha, na shimo lake la Nyankanga na vilima vya kifusi vinaonekana toka angani bila shida. Modeli iliyozoea kuhusisha mwanga na neema inaweza kuwagawia utajiri wa mgodi wanavijiji wa jirani, ambao taa zile wanaziona tu kwa mbali. Kwa wachimbaji wadogo mambo yanageuka: kambi ya maturubai imeota juzi kwa kuwa duara, yaani shimo la kuchimbia, limetema dhahabu, fedha inazunguka mkono kwa mkono, na mwezi ujao watu wamehamia rashi nyingine, kwenye dhahabu mpya. Ukiteremka Kishapu, mkoani Shinyanga, mzee mwenye zizi lililojaa ng'ombe anaweza kuwa analala chini ya paa la nyasi. Ngitili yake, malisho aliyoyafunga yamvushe kiangazi, kwenye picha inafanana na pori lisilo na mwenyewe. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwahimiza watu wa Shinyanga kuzirudisha ngitili hizo. Ni akiba, na modeli isiyolijua hilo itaihesabu kama ukiwa.

Mchaguzi stadi, basi, haulizi kwanza modeli imepata alama ngapi. Anauliza imekulia wapi. Alama si za kupuuzwa: mwaka 2019 Simon Kornblith na wenzake wa Google walionyesha kwamba modeli zinazofanya vizuri kwenye ImageNet kwa kawaida hufanya vizuri pia zikihamishiwa kazi nyingine. Lakini walionyesha vilevile kwamba baadhi ya mbinu zinazopandisha alama za nyumbani huyadhoofisha yale ambayo modeli ingeyabeba kwenda nayo ugenini. Wala ukaribu wa kazi hautoshi. Prithvi, modeli ya IBM na NASA iliyotolewa mwaka 2023, ilisomea picha za setilaiti hasa. Lakini toleo lake la kwanza lilisomea ardhi ya Marekani. Kati ya modeli inayojua vikombe na ile inayojua mashamba ya Iowa, ipi itaielewa mbuga ya Kishapu? Jibu halipatikani kwa kukaa na kufikiri.

Linapatikana kwa kupima. Mchimbaji mzoefu wa Nyarugusu hapeleki mawe yote karashani kusagwa kwa sababu tu yamesifiwa. Hutwaa sampuli pande mbalimbali za duara, akaziponda, akaziosha kwenye karai, akaona kinachobaki. Mchaguzi naye ana karai lake, na hapa ndipo ufundi ulipo. Akizichanganya picha zote na kutenga chache kiholela kwa ajili ya mtihani, amejidanganya, kwa kuwa vipande viwili vinavyopakana hufanana, na modeli itakuwa imeyaona majibu kabla ya maswali. Anatakiwa kuitenga wilaya ya Mbogwe nzima, au ya Kishapu nzima, modeli isiione hata kipande, kisha aipime huko. Apime kiangazi, apime na masika. Apime kando ya mgodi peke yake, maana wastani wa mkoa huficha aibu ya kijiji.

Wataalamu wa muhogo walilipata somo hili shambani. Mwaka 2017 Amanda Ramcharan na wenzake waliichukua modeli ya Inception v3, wakaifundisha kwa picha zilizopigwa Bagamoyo itambue magonjwa kama batobato na michirizi kahawia, pamoja na madhara ya utitiri. Ikapata asilimia 93 kwenye picha ambazo haikufundishiwa. Mwaka 2019 walipoeleza majaribio ya modeli ya simu katika hali halisi ya shamba, uwezo ulikuwa umeshuka, na dalili changa ziliisumbua zaidi. Waliyaandika hayo waziwazi, na ninawaheshimu kwa hilo kuliko kwa ile 93.

Hata baada ya kuchagua, mkono mwepesi unahitajika. Mwaka 2022 Ananya Kumar na wenzake wa Stanford walionyesha kwamba kuifundisha upya modeli yote kunaweza kuharibu ilichokuja nacho, ikawa hodari nyumbani na dhaifu ugenini. Kinga waliyopendekeza ni kulifundisha kwanza tabaka la mwisho peke yake, ndipo kuyagusa yaliyobaki.

Nikiulizwa nitamtambuaje fundi wa kweli, nitaomba ripoti yake. Asiyejua ataandika kwamba modeli yake ni bora. Anayejua ataandika kwamba inaaminika Kishapu wakati wa kiangazi, inayumba masika, na kando ya migodi isitumike kabisa. Huko wapelekwe watu wakaulize nyumba kwa nyumba.