NANI MWENYE JUKWAA?
Fikra za waigizaji wanawake juu ya kazi yao

Makada na wanafunzi wanapojifunza juu ya sanaa za maonyesho, kwa kawaida husoma maneno ya watu wa aina mbili, mwandishi wa mchezo na mhakiki. Mwigizaji hasomwi. Hutazamwa, hupigiwa makofi, kisha husahauliwa. Akiwa mwanamke hali huzidi kuwa mbaya, maana hata makofi hupigiwa sura yake kabla ya kazi yake.

Makala hii inadai kwamba kufanya hivyo ni kosa la kinadharia. Mwigizaji ni mfanyakazi, na mfanyakazi anayeifikiria kazi yake huzalisha ujuzi usiopatikana kwingine. Hata hivyo, ujuzi huo huwa nguvu ya kubadili mambo pale tu mwenye nao anapokuwa na kauli katika uendeshaji wa kazi. Tutaanza na waigizaji wawili wa Ulaya, kwa sababu fikra na kazi zao zimehifadhiwa kwa maandishi. Kisha tutaitazama hali ya hapa kwetu.

VAZI JEUSI LA OPHELIA

Ellen Terry alizaliwa Uingereza mwaka 1847 katika jamaa ya waigizaji wa kusafiri. Alipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1856, akiwa bado mtoto. Kuanzia mwaka 1878 alikuwa mwigizaji mkuu wa kike wa Lyceum, jumba la maonyesho la London lililoendeshwa na Henry Irving, mwigizaji mwenye sifa kubwa wakati huo. Mwaka 1908 alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Kitabu hicho kinastahili kusomwa na kila anayedhani kwamba kuigiza ni kipaji cha kuzaliwa kisichohitaji akili.

Anaeleza jinsi alivyojiandaa kwa nafasi ya Ophelia, msichana anayepata wazimu katika mchezo wa Hamlet. Alikwenda hospitali ya wagonjwa wa akili ili ajionee. Wagonjwa wengi aliowaona hawakumsaidia, kwa sababu walionekana kama watu wanaoigiza wazimu. Alipokuwa karibu kuondoka aliona msichana mmoja akikodolea macho ukuta. Uso wake ulikuwa mtupu, lakini mwili wake ulionyesha kwamba anangoja kitu. Ghafla msichana huyo aliinua mikono na kukimbia chumbani kama mbayuwayu. Hapo Terry akapata alichokuwa akikitafuta.

Fundisho alilolitoa ni kwamba haifai kuyatazama maisha na kuyamwaga jukwaani bila kuchagua. Ni lazima wazo litangulie, ndipo uhalisi ufuate. Wapo watakaosema upesi kwamba huo ni udhanifu, yaani kuweka fikra mbele ya maisha. Tusiwe wepesi kiasi hicho. Terry hakusema kwamba wazo linashuka kutoka mbinguni. Alisema kwamba jicho lisilo na swali halioni kitu, na hilo ni kweli hata kwa kada anayekwenda kijijini kufanya uchunguzi. Upungufu wa fundisho lake uko mahali pengine: halielezi wazo hilo linatoka katika maisha ya nani, wala nani ana mamlaka ya kulikubali au kulikataa.

Mamlaka hayo hayakuwa yake. Terry alikusudia kuvaa nguo nyeusi katika onyesho la wazimu. Mshauri wa Irving aliposikia hayo alishtuka, akasema kwamba katika mchezo ule anayevaa nyeusi ni mmoja tu, naye ni Hamlet. Hamlet mwenyewe aliigizwa na Irving. Terry akavaa nyeupe. Aidha, katika miaka yote aliyokaa Lyceum hakupata kuigiza nafasi ya Rosalind, mmoja wa wanawake wenye akili na ulimi mkali katika michezo ya Shakespeare. Mchezo huo haukumpa Irving nafasi kubwa ya kumfaa, kwa hiyo haukuwekwa jukwaani.

Huyu hakuwa mnyonge wa njaa. Alilipwa vizuri na kupendwa na watu. Lakini Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitufundisha kwamba maendeleo hayapimwi kwa shibe peke yake, bali pia kwa uwezo wa watu wa kuamua mambo yao wenyewe. Kwa kipimo hicho, nguo ile nyeusi si jambo dogo. Mfanyakazi alikuwa na sababu ya kitaalamu, akashindwa na mwenye jukwaa.

SARAFU YA MAMA COURAGE

Helene Weigel alizaliwa Vienna mwaka 1900. Alijiunga na harakati za wafanyakazi wa Ujerumani, na mwaka 1932 aliigiza mjini Berlin katika "Mama", mchezo ambao Bertolt Brecht, mumewe, aliutunga kutokana na riwaya ya Gorky. Mwaka 1933 Wanazi waliposhika dola familia ilikimbia. Miaka 15 ya uhamishoni ilimnyima Weigel jukwaa karibu kabisa. Mwaka 1949, mjini Berlin, aliigiza Mama Courage, mwanamke mchuuzi anayefuata majeshi na mkokoteni wake katika vita vya karne ya 17. Vita hivyo vinamlisha, na vita hivyo hivyo vinamuulia watoto wake watatu.

Mambo mawili katika uigizaji huo yamebaki katika historia. La kwanza ni kilio kisicho na sauti. Mama Courage amekawia kupatana bei ya rushwa ya kumwokoa mwanawe, na sasa anasikia risasi zinazomwua. Weigel alifungua kinywa hadi mwisho, kichwa kikaenda nyuma, bila sauti yoyote kutoka. Umbo la kilio hicho huhusishwa na picha ya gazeti ya mwanamke wa Singapore aliyempoteza mtoto wake katika mashambulizi ya Vita Kuu ya Pili. La pili ni dogo zaidi. Mwishoni Mama Courage anawalipa wakulima wamzike binti yake. Weigel alitoa sarafu mkobani, akazitazama, akarudisha moja, ndipo akatoa zilizobaki.

Sarafu hiyo moja ina uchambuzi wa tabaka zima. Mtazamaji aliyekuwa karibu kumwaga machozi anazuiwa. Huyu ni mama mwenye uchungu wa kweli, na wakati huo huo ni mfanyabiashara ambaye mkono wake umezoea kupunguza bei hata kaburini. Hapa fundisho la Terry linapata ukamilifu wake. Wazo limetangulia uhalisi, lakini wazo hilo limetoka katika kuyachambua mahusiano ya watu na mali.

Tena Weigel alikuwa na kauli. Kundi la Berliner Ensemble lilipoundwa mwaka 1949, yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake, na alibaki katika kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1971. Alishughulikia mishahara, nyumba na chakula cha wenzake kama alivyoshughulikia kijiko na mkoba wa Mama Courage. Hakuna mshauri aliyeweza kumpokonya sarafu ile.

CHAMA NA JUKWAA

Lakini tusipambe mambo. Mwaka 1949 mwandishi Friedrich Wolf, naye mjamaa, alimwuliza Brecht kama haingefaa Mama Courage mwishoni atambue kosa lake. Brecht alijibu kwamba hata mama huyo asipojifunza lolote, watazamaji wanaweza kujifunza kwa kumtazama. Mwaka 1951, katika mkutano wa Kamati Kuu ya chama kilichotawala Ujerumani Mashariki, "Mama" ulitajwa kwa lawama katika vita dhidi ya kile kilichoitwa kuabudu umbo. Mchezo huo uliishi kuliko lawama zake. Katika mwaka aliofariki, Weigel alikuwa bado akiigiza nafasi ile ile nchini Ufaransa.

Fundisho kwa chama chochote kinachoongoza ni wazi. Chama kina haki ya kuuliza sanaa inamtumikia nani. Kinapoanza kuamua mwigizaji arudishe sarafu au asirudishe, kinachukua kiti cha Irving.

HAPA KWETU

Mjadala huu haukuwa mbali nasi. Ebrahim Hussein, aliyetuandikia Kinjeketile mwaka 1969, alifanya utafiti wake wa udaktari mjini Berlin katika miaka ya 1970. Hata hivyo, baada ya Azimio la Arusha michezo mingi ilifuata njia nyepesi: mvivu anahubiriwa, anatubu, wote wanaimba. Watazamaji waliambiwa kila kitu, kwa hiyo hawakuachiwa la kufikiri.

Waliokataa njia hiyo ni pamoja na wanawake waliolijua jukwaa kwa ndani. Mwaka 1982 Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa Harakati za Ukombozi. Mwaka huo huo ikatoka Nguzo Mama ya Muhando, ambamo wanawake wa kijiji kimoja wanajaribu kuisimamisha nguzo yao na nguzo inakataa kusimama. Mwandishi hakuisimamisha kwa nguvu ili kutufurahisha. Alimwachia mtazamaji swali kwa nini imeshindikana, na swali hilo lingali na uzito.

Katika mwaka 1982 na 1983, kijijini Malya, mkoani Mwanza, wataalamu wa Chuo Kikuu walikaa na wanakijiji. Walitafiti matatizo pamoja, likiwamo la wasichana kupata mimba, kisha wanakijiji wakayaigiza wenyewe na kuyajadili. Hapo msichana hakupewa maneno ya kukariri juu ya maisha yake mwenyewe.

Leo filamu na michezo ya runinga imewapa mabinti wengi kazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki za wasanii watendaji. Lakini kuwa na haki kwenye karatasi si sawa na kuwa na kauli kazini. Binti akiigiza mhuni, mtaani huitwa mhuni; na mara nyingi anayeamua binti huyo avae nini, alie vipi na alipwe lini ni mwenye kamera. Vazi jeusi la Ophelia lingali linakataliwa.

WAJIBU WETU

Yapo mambo matatu yaliyo katika uwezo wa makada na wanafunzi. Katika vikundi vya sanaa vya vijiji, vyuo na matawi, mazoezi yaanze kwa kuwauliza waigizaji wanaielewaje nafasi wanayoiigiza, na majibu yao yawe na uzito katika uamuzi. Wanawake washike uongozi wa vikundi hivyo, pamoja na mfuko wa fedha. La tatu ni la haraka: wapo wanawake walioigiza katika vijiji na shule zetu miaka ya 1970 na 1980, ambao hakuna aliyepata kuwauliza walifikiri nini walipokuwa jukwaani. Terry aliandika mwenyewe, na kazi ya Weigel ilipigwa picha na kuhifadhiwa. Wa kwetu wanazeeka na ujuzi wao. Kila tawi lina mtu anayejua kuandika, na leo kuna simu za kunasa sauti hata vijijini. Waendewe sasa, waulizwe, na maneno yao yahifadhiwe kama yalivyosemwa.