Sifa za Ufundi wa Kuharakisha Vitanzi

Lugha ya R, ambayo Ross Ihaka na Robert Gentleman waliibuni katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, haikukusudiwa kushindana mbio. Ilikusudiwa kumpa mtakwimu fursa ya kuandika fikira zake kwa namna iliyo karibu na anavyozifikiri, na kwa ukarimu huo ikaridhia kulipa gharama ya wakati. Katika kila duru ya kitanzi, yaani kile kipande cha msimbo kirudiwacho mpaka idadi yake itimie, kompyuta hulazimika kuuliza tena iliyokwisha kuuliza: hii ni namba au neno, na amri hii yataka nini. Duru mia hazimchoshi mtu, lakini duru milioni humngojesha. Na hapo ndipo uanzapo ufundi ninaousifu, kwa kuwa ni katika kazi chache ambazo fundi hustahiki heshima kwa yale aliyoyaondoa.

Tazama kosa lililo mashuhuri kupita yote. Mtu ana majibu 100,000 ya kukusanya, naye huanza na safu tupu, na kila jibu lipatikanapo hulibandika mwishoni. Kwa dhana yake ameongeza kitu kimoja. Kwa hakika amri ya kuunganisha hutenga nafasi mpya katika kumbukumbu, ikanakili yote yaliyotangulia, ndipo ikaliweka lile jipya, mfano wa mtu ajengaye nyumba nyingine kila apatapo mtoto, akahamisha vyombo vyote, ilhali ajua kwamba watoto wengine wako njiani. Namba zinazonakiliwa kwa njia hiyo hukaribia bilioni 5. Dawa yake ni mstari mmoja tu: kutenga safu yenye nafasi 100,000 kabla kitanzi hakijaanza, kila jibu likaenda kukaa mahali pake. Patrick Burns, aliyeandika The R Inferno kwa kufuata mpango wa jehanamu ya Dante, aliliweka kosa hili katika duara la pili, nami naona alihukumu kwa haki, maana israfu kubwa namna hii haina udhuru mbele ya dawa nyepesi namna hii.

Zipo dawa nyingine. Hesabu isiyobadilika katika duru zote hutolewa nje ya kitanzi ikafanywa mara moja. Safu ya jedwali hutolewa ikafanyiwa kazi peke yake, kwa sababu kuandika katika jedwali chumba kimoja kimoja ni ghali mno. Na aghalabu kitanzi chote chaweza kuachwa, namba zote zikakabidhiwa kwa pamoja kwa amri ya ndani iliyoandikwa kwa lugha ya C, ambayo huuliza maswali yake mara moja kwa safu nzima. (Wako wadhanio kwamba kubadili kitanzi kuwa lapply, amri ya R itendayo kazi ile ile juu ya kila kipengele, kunatosha, lakini lapply nayo ni kitanzi, na faida yake kubwa ni unadhifu.)

Lakini heshima ya ufundi huu iko katika adabu yake. Fundi wa kweli hapimi kwa macho: huiendesha Rprof, akaonyeshwa ni wapi wakati unakokwenda, na mara nyingi hukuta si pale alipopashuku. Kisha hulinganisha majibu mapya na ya zamani kwa all.equal, kwa kuwa jibu la haraka lisilo sahihi ni hasara tupu. Na penye namba za kubahatisha huzidisha hadhari, maana kuzivuta kwa mpango mwingine kwaweza kubadili matokeo hata kama mbegu, yaani namba ya kuanzia, ni ile ile.

Viko pia vitanzi visivyokubali kuvunjwa, kama hesabu ya idadi ya samaki ambayo kila mwaka hutegemea mwaka uliotangulia. Hivyo vimepata nafuu tangu R 3.4.0 ya mwaka 2017 ilipoanza kuvitafsiri yenyewe kuwa msimbo mwepesi zaidi kabla ya kuviendesha. Na visipotosheka, kifurushi cha Rcpp cha Dirk Eddelbuettel na Romain François humwezesha mtu kukiandika kipande hicho tu kwa C++, na kazi iliyobaki ikakaa kama ilivyo.

Basi, msomaji uliye na kitanzi kinachojikokota, kabla hujaomba kompyuta kubwa zaidi, ufungue msimbo wako utazame kama safu yako umeitengea nafasi.